Kusakinisha msimbo wa tovuti ya OpenStreetMap kwenye kompyuta yako

Ukiiwasha tovuti hii ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa mara ya kwanza utaona ramani ya dunia nzima, na Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa vichochoro vyake vyote. Kihariri kikishapata kibali chake, bonyeza kitufe cha kuhariri, vichochoro vinatoweka. Kunabaki picha ya setilaiti na hakuna mstari hata mmoja juu yake. Wengi huishia hapo wakidhani wameharibu usakinishaji, wanafuta kila kitu na kuanza upya, kisha wanakutana na yale yale.

Hawajaharibu. Ramani waliyoiona mwanzoni haikutoka kwenye kompyuta yao. Ilikuja kama vigae, yaani vipande vya picha, kutoka seva za OpenStreetMap zenyewe. Kanzidata waliyoiunda bado ni tupu. Ukilielewa hili mapema, nusu ya matatizo yaliyo mbele yako yatajieleza yenyewe.

Msimbo wenyewe unaitwa openstreetmap-website, na wakongwe wa mradi bado huuita Rails Port kwa sababu umeandikwa kwa Ruby on Rails. Kazi yake ni kutunza akaunti za watu, shajara zao, nyayo za GPS, historia ya kila kitu kilichochorwa, na kuendesha API (mlango ambao programu nyingine hupitia kusoma na kuandika data) toleo la 0.6, ambayo imekuwa kazini tangu Aprili 2009. Hauchori ramani. Hautafuti majina ya mahali pia: kisanduku cha kutafuta hupeleka swali kwa Nominatim, na maelekezo ya safari huombwa kwa seva nyingine za nje. Ndiyo maana kanzidata yake haihitaji hata PostGIS, nyongeza ya PostgreSQL kwa data za kijiografia. PostgreSQL ya kawaida inatosha.

Kama unachotaka ni kujaribu programu yako inayozungumza na API, usisakinishe chochote. Ipo seva ya majaribio, master.apis.dev.openstreetmap.org, fungua akaunti pale na uendelee na kazi. Maelezo yanayofuata ni ya mtu anayetaka kurekebisha tovuti yenyewe, au kuendesha ramani ya kundi lake kwa msimbo huu, kama wanavyofanya OpenHistoricalMap, mradi wa ramani za kihistoria.

Mashine na vifurushi

Tumia Ubuntu 24.04 au Debian ya karibuni. Ubuntu 22.04 inakuja na Ruby 3.0, ambayo msimbo wa sasa hauikubali. Utaambiwa `Your Ruby version is 3.0.2, but your Gemfile specified...` na safari itaishia hapo mpaka uweke Ruby mpya kwa rbenv. Mwenye Windows asihangaike na Ruby ya Windows. Aingie WSL2 aweke Ubuntu humo. RAM ya GB 4 inatosha kwa majaribio, GB 8 ni raha zaidi.

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential git ruby ruby-dev ruby-bundler \
  postgresql postgresql-contrib libpq-dev libxml2-dev libxslt1-dev \
  libsasl2-dev libffi-dev libyaml-dev libgd-dev libarchive-dev \
  libbz2-dev libvips-dev imagemagick nodejs npm
sudo npm install --global yarn
```

Orodha hii hubadilika kidogo kadiri msimbo unavyokua, kwa hiyo ilinganishe na maelekezo yaliyomo ndani ya msimbo wenyewe. Vifurushi vinavyoishia na `-dev` ndivyo watu huviruka, halafu vinawaadhibu baadaye. Maktaba kadhaa za Ruby zina sehemu za lugha ya C zinazokusanywa hapo hapo kwenye mashine yako. Ukikuta `Can't find the 'libpq-fe.h' header`, umesahau `libpq-dev`. Ukikuta lalamiko la `mkmf.rb`, umesahau `ruby-dev`.

Kuhusu yarn kuna mtego mmoja. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi kiitwacho `cmdtest` nacho kina amri inayoitwa yarn, isiyohusiana kabisa na hii tunayoitaka. Ukiandika yarn na kujibiwa `There are no scenarios; must have at least one`, umeangukia kwa yarn ya jirani. Ondoa `cmdtest`, kisha rudia ile amri ya npm.

Kushusha msimbo

```
git clone --depth=1 https://github.com/openstreetmap/openstreetmap-website.git
cd openstreetmap-website
```

Hiyo `--depth=1` inashusha hali ya sasa peke yake, bila historia ya miaka yote. Anayenunua bando kwa MB ataona tofauti yake. Ukija kuamua kuchangia msimbo, andika `git fetch --unshallow` na historia iliyobaki itafuata.

Sasa maktaba:

```
bundle config set --local path vendor/bundle
bundle install
bundle exec bin/yarn install
```

Mstari wa kwanza ni wa hiari, lakini tunaupendekeza. Bila huo, Bundler hutaka kuandika kwenye folda za mfumo na hukosa ruhusa. Ukikasirika na kuandika `sudo bundle install`, baadhi ya mafaili yatamilikiwa na root, na wiki ijayo utajiuliza kwa nini seva inakataa kuandika kwenye folda yake yenyewe.

Kisha mafaili matatu ya mipangilio:

```
cp config/example.database.yml config/database.yml
cp config/example.storage.yml config/storage.yml
touch config/settings.local.yml
```

Mipangilio yote ya msingi imo `config/settings.yml`. Usiliguse faili hilo. Kila unachotaka kukibadilisha kiandike kwenye `settings.local.yml`, chenyewe ndicho kinachoshinda, na `git pull` haitagombana nawe. Kila ukibadilisha kitu humo, zima seva uiwashe upya, maana mipangilio husomwa mara moja tu wakati wa kuwaka.

Kanzidata

```
sudo -u postgres createuser -s $USER
bundle exec rails db:create
bundle exec rails db:migrate
```

Alama ya `-s` inampa mtumiaji wako mamlaka yote ndani ya PostgreSQL. Kwa mashine ya majaribio ni sawa, tena inahitajika: majaribio ya Rails huzima kwa muda ulinzi wa funguo kati ya majedwali wakati wa kujaza data ya mfano, na PostgreSQL haimruhusu mtumiaji wa kawaida kufanya hivyo. Kwenye seva ya watu, usithubutu.

Zitazaliwa kanzidata mbili: `openstreetmap` ya kazi na `osm_test` ya majaribio. Makosa ya hatua hii ni machache na kila moja lina sura yake. `role "fulani" does not exist` maana yake hukuendesha createuser, au uliiendesha kwa jina jingine. `Peer authentication failed` inatokea pale jina lililoandikwa kwenye `database.yml` linapotofautiana na jina lako la Linux: PostgreSQL inaangalia umeingia kwenye mashine kama nani, na haijali umejiandika nani. Ama futa mstari wa `username`, ama weka `host: localhost` pamoja na nenosiri, ili mlango utakaopita ubadilike. Ukiona habari za `.s.PGSQL.5432`, PostgreSQL imelala tu. Iamshe kwa `sudo systemctl start postgresql`.

Lipo na kosa la `server version mismatch`. Mwisho wa db:migrate, Rails huita `pg_dump` iandike upya faili `db/structure.sql`, na pg_dump haikubali kusoma seva iliyo mpya kuliko yenyewe. Sakinisha vifaa vya PostgreSQL vya toleo lile lile la seva. Na hata mambo yakienda vizuri, faili hilo linaweza kubadilika mistari michache kwa sababu tu toleo lako si sawa na la wenzako. Usikomiti mabadiliko hayo. Wakaguzi wa mradi watayakataa, na wana haki.

Kuwasha, na akaunti ya kwanza

```
bundle exec rails server
```

Fungua `http://127.0.0.1:3000`. Tunasema 127.0.0.1 kwa makusudi, hatusemi localhost. Kwa kivinjari hizo ni anwani mbili tofauti, kuki zake haziingiliani, na huko mbele kwenye vibali vya OAuth (utaratibu wa kuipa programu ruhusa bila kuipa nenosiri) anwani uliyoandika lazima ifanane herufi kwa herufi na unayoitumia. Chagua moja na uishi nayo.

Jiandikishe kwenye ukurasa kama mtu yeyote. Barua pepe ya kuthibitisha haitakufikia, kwa kuwa mashine yako haina pa kuipeleka. Ithibitishe akaunti kwa mkono:

```
bundle exec rails console
user = User.find_by(:display_name => "jina lako")
user.activate!
user.roles.create(:role => "administrator", :granter_id => user.id)
user.roles.create(:role => "moderator", :granter_id => user.id)
exit
```

Ukijibiwa `nil` kwenye mstari wa pili, jina hukuliandika kama lilivyo. Herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa.

Ukienda kuhariri sasa, utaambiwa `iD has not been configured`. iD ni kihariri kinachofunguka ndani ya kivinjari, na ingawa kimekaa kwenye tovuti ile ile, kinapaswa kubisha hodi kwenye API kama programu ya nje. Kinahitaji kibali. Ingia kwa akaunti yako, nenda `/oauth2/applications`, sajili programu mpya. Jina liwe "iD ya hapa", anwani ya kurudi `http://127.0.0.1:3000`, kisha weka tiki kwenye ruhusa za kusoma na kubadilisha mapendeleo ya mtumiaji, kuhariri ramani, kusoma nyayo za GPS za faragha, kupakia nyayo, na kubadilisha vijulishi (notes, yaani maoni yanayoachwa juu ya ramani). Sajili na ya pili kwa ajili ya kurasa za tovuti yenyewe, hiyo ikiwa na ruhusa za kuhariri ramani na vijulishi tu. Nakili utambulisho wa kila moja, ule mrefu wa kwanza, si siri yake:

```
id_application: "utambulisho wa ya kwanza"
oauth_application: "utambulisho wa ya pili"
```

Weka kwenye `settings.local.yml`, zima, washa. Bila ya pili, tovuti itaonekana nzima mpaka siku utakapotaka kuandika maoni kwenye kijulishi. Hapo ndipo itakugomea bila maelezo ya maana.

Maelekezo mengi ya zamani yanaonyesha jina na nenosiri yakipelekwa moja kwa moja kwa `curl -u`. Njia hiyo, pamoja na OAuth 1.0a, iliondolewa mwaka 2024. Ukiikuta mahali, ipite.

Nukta ya kwanza, na kinachotokea chini yake

Sogeza ramani mpaka Forodhani, ingia kwenye iD, weka nukta moja na uiite "Mwembe wa majaribio". Hifadhi. Sasa rudi kwenye terminali:

```
psql -d openstreetmap
SELECT id, latitude, longitude, version, visible FROM current_nodes;
```

Utaona kitu kama `-61612000` na `391885000`. Latitudo na longitudo huhifadhiwa kama namba kamili, zikiwa zimezidishwa kwa 10,000,000. Hiyo ya kwanza ni -6.1612. Namba kamili ni nyepesi kuhifadhi na hazina hitilafu za desimali, na tarakimu saba baada ya nukta zinatosha kutofautisha sentimita moja na nyingine ardhini.

Sasa futa mwembe kwenye iD, uhifadhi, urudie swali lile. Mstari bado upo. Kilichobadilika ni `visible`, iliyokuwa `t` na sasa ni `f`, na `version` iliyopanda kutoka 1 hadi 2. Angalia jedwali la `nodes`, lisilo na `current_`, utakuta matoleo yote mawili yamekaa kwa mpangilio. Hakuna kinachofutwa kweli kweli katika mfumo huu. Ndiyo sababu mtu akiharibu mtaa mzima, mwingine anaweza kuurudisha. Na ndiyo sababu usijaribu kamwe "kusafisha" kanzidata kwa DELETE za mkono. Utavunja uhusiano kati ya jedwali la sasa na la historia, na API itaanza kutoa makosa ya 500 mahali usipopategemea.

Namba hiyo ya toleo ina kazi nyingine. Fungua kitu kimoja kwenye vivinjari viwili kwa akaunti mbili, kibadilishe kote kuwili, hifadhi kimoja kisha cha pili. Wa pili atarudishiwa 409: `Version mismatch: Provided 1, server had: 2 of Node 1`. Maana yake: wewe umehariri toleo la 1, wakati mwenzio ameshaweka la 2. Hilo si kosa la seva na halipaswi kurekebishwa. Ndiyo kufuli pekee inayowawezesha watu wengi kuchora mahali pamoja bila kufutiana kazi. Waliochora Kibera mwaka 2009 na waliofanya Ramani Huria Dar es Salaam walipitishia kazi yao mlango huu huu.

Majibu mengine ya kuyazoea: 410 ni kitu kilichokwisha kufutwa. 412 ni kwamba unataka kuondoa kitu ambacho kingine kinakitegemea, mfano `Node 12 is still used by ways 7`. Ondoa njia kwanza, nukta baadaye.

Mipaka yote ya API unaweza kuiuliza yenyewe:

```
curl http://127.0.0.1:3000/api/0.6/capabilities
```

Utaona njia moja haizidi nukta 2,000, fungu moja la mabadiliko halizidi vitu 10,000, na eneo unaloweza kuliomba kwa mkupuo halizidi digrii za mraba 0.25. Fungu likiachwa saa nzima bila kuguswa hujifunga lenyewe, na hata likiguswa mfululizo halivuki saa 24.

Ukiomba eneo, longitudo hutangulia: kushoto, chini, kulia, juu.

```
curl "http://127.0.0.1:3000/api/0.6/map?bbox=39.185,-6.166,39.195,-6.158"
```

Sisi tulio kusini ya ikweta na mashariki ya dunia tunaadhibiwa vikali na mpangilio huu. Ukigeuza ukaanza na -6 halafu 39, namba bado ni halali na seva haitalalamika. Itakupeleka Hispania, kati ya Cáceres na Mérida, na kukurudishia jibu tupu. Ukipata XML isiyo na kitu huku una hakika data ipo, angalia mpangilio wa namba kabla ya kugusa kingine chochote.

Kuingiza data halisi

Kwa kurekebisha kurasa, chora vitu vichache kwa mkono na inatosha. Anayehitaji data ya eneo zima ashushe faili la Tanzania kutoka Geofabrik, alikate kwa osmium, kisha aliingize kwa Osmosis. Zote mbili zipo kwenye apt, kwa majina `osmium-tool` na `osmosis`.

```
osmium extract -b 39.18,-6.18,39.22,-6.14 tanzania-latest.osm.pbf -o mji.osm.pbf

osmosis --read-pbf mji.osm.pbf --log-progress --write-apidb \
  host="localhost" database="openstreetmap" user="jina" \
  password="nenosiri" validateSchemaVersion="no"
```

Osmosis huingia kwa mlango wa mtandao, kwa hiyo mtumiaji wako lazima awe na nenosiri. Ndani ya psql andika `\password`. Ile `validateSchemaVersion="no"` inaizuia kukataa kwa sababu ya namba ya toleo la muundo tu. Ikigoma hata hivyo ikitaja jedwali au safu fulani, ujue muundo wa kanzidata umeenda mbele kuliko Osmosis uliyonayo, na hakuna hila ya mipangilio itakayokuokoa.

Kata eneo dogo. Nchi nzima kupitia njia hii ni kazi ya polepole mno, kwa sababu kila kitu kinaandikwa mara mbili, kwenye jedwali la sasa na la historia, pamoja na faharasa zake. Ingiza kwenye kanzidata tupu, kabla ya kufungua akaunti. Ukiingiza juu ya data iliyopo, utagongana na `duplicate key` katikati ya safari na kulazimika kuanza na `rails db:drop db:create db:migrate`, ambayo inafuta na akaunti pia, na vibali vyake vya OAuth.

Baada ya kuingiza kuna hatua ambayo karibu kila mtu huisahau. Osmosis huandika vitu na namba zake za asili, lakini vihesabio vya PostgreSQL, vinavyogawa namba kwa vitu vipya, havijui kilichotokea. Bado vimesimama kwenye 1. Ubaya ni kwamba mambo yanaweza kwenda vizuri siku ya kwanza, kisha kugeuka siku kihesabio kitakapofikia namba iliyokwisha chukuliwa. Visogeze mapema:

```
SELECT setval('current_nodes_id_seq', GREATEST((SELECT max(id) FROM current_nodes), 1));
SELECT setval('current_ways_id_seq', GREATEST((SELECT max(id) FROM current_ways), 1));
SELECT setval('current_relations_id_seq', GREATEST((SELECT max(id) FROM current_relations), 1));
SELECT setval('changesets_id_seq', GREATEST((SELECT max(id) FROM changesets), 1));
SELECT setval('users_id_seq', GREATEST((SELECT max(id) FROM users), 1));
```

GREATEST imewekwa kwa sababu jedwali likiwa na namba hasi peke yake, setval ingekataa.

Na hata baada ya haya yote, ramani ya ukurasa wa mbele itabaki ile ile ya nje. Kama unataka ichorwe kutoka data yako, hiyo ni mitambo mingine: osm2pgsql, kanzidata ya pili yenye PostGIS, Mapnik, na renderd ya kuchora vigae. Usianze nayo kabla ya hii ya kwanza kutulia.

Ukiiweka hadharani

Hapa tutapita haraka, kwani kila seva ina tabia zake. Mtumiaji wa kanzidata awe wa kawaida, asiye na mamlaka yote. Tengeneza siri kwa `bundle exec rails secret` na uiweke kwenye `SECRET_KEY_BASE`. Endesha `RAILS_ENV=production bundle exec rails db:migrate` na `assets:precompile`, kisha Apache na Passenger. Passenger huendesha programu kwa jina la mwenye faili la `config.ru`, likiwa la root au la mtu asiyeweza kuandika kwenye `tmp`, utapata ukurasa mweupe na maelezo yote yamejificha kwenye kumbukumbu za Apache.

Kwenye `settings.local.yml` weka `server_url`, `server_protocol: "https"`, anwani ya barua pepe na seva ya SMTP. Ukiacha `server_url` ya mfano, barua za kuthibitisha zitafika zikiwa na viungo vinavyoelekea `openstreetmap.example.com`.

Kisha kibarua wa nyuma ya pazia:

```
RAILS_ENV=production bundle exec rails jobs:work
```

Huyu ndiye anayetuma barua na kuchambua nyayo za GPS zilizopakiwa. Akifa, tovuti haionyeshi dalili yoyote: kurasa zinafunguka, watu wanachora, ila faili la GPX linabaki "linasubiri" siku tatu na waliojiandikisha hawapati barua. Mfanye huduma ya systemd yenye `Restart=always`.

Nakala ya akiba ni vitu viwili, na ukichukua kimoja umechukua nusu: kanzidata kwa `pg_dump -Fc`, na folda uliyoitaja kwenye `storage.yml` zinamokaa picha za watu na mafaili ya GPX. Unapofanya matengenezo, weka `status: "database_readonly"` au `"api_readonly"` badala ya kuzima, watu wataendelea kusoma.

Ombi zito la ramani likianza kumaliza RAM ya Rails, tazama cgimap, programu ya C++ inayosoma kanzidata ile ile na kuchukua nafasi ya sehemu nzito za API. OpenStreetMap yenyewe inaitumia.

Na vigae: usiwaelekeze watumiaji wako wengi kwenye vigae vya openstreetmap.org wala kwenye Nominatim yao, ambayo inaruhusu ombi moja tu kwa sekunde. Seva hizo zinaendeshwa kwa michango. Msimbo ni wa leseni ya GPL toleo la 2, unaruhusiwa kuutumia. Jina na nembo ni alama za biashara za OpenStreetMap Foundation, hizo zibadilishe. Ukitumia data yao, itaje, maana iko chini ya leseni ya ODbL tangu Septemba 2012.

Kusasisha, na kurudisha ulichorekebisha

Kila baada ya kuvuta msimbo mpya, fuata mpangilio huu bila kuruka:

```
git pull
bundle install
bundle exec bin/yarn install
bundle exec rails db:migrate
```

Ukiruka wa mwisho, kila ukurasa utaonyesha `Migrations are pending`. Ukiruka wa pili, seva haitawaka kabisa.

Kabla ya kutuma marekebisho, endesha `bundle exec rails test:all` na `bundle exec rubocop`. Majaribio ya kurasa hufungua Firefox kimyakimya, kwa hiyo iwe imesakinishwa. Ukiwa na haraka, taja faili moja tu la jaribio. Tuma jambo moja kwa ombi moja, na tawi lako liwekwe juu ya `master` kwa rebase, bila komiti za kuunganisha.

Maneno mapya ya kurasa huongezwa kwenye `config/locales/en.yml` peke yake. Mafaili ya lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo, yanaandikwa na translatewiki.net. Ukisahihisha tafsiri kwa mkono ndani ya msimbo, kazi yako itafutwa na mzunguko unaofuata; fungua akaunti kule na uitafsirie kule.